Sauti Inakatakata: Hesabu ya Milisekunde 23

Doom, gemu iliyotoka Desemba 1993, huhifadhi milio yake ya bunduki na milango kwa sampuli 11,025 kwa sekunde, kila sampuli baiti moja, chaneli moja. Mlio mmoja basi unakula baiti 11,025 kwa sekunde. Hata milio minane ikilia kwa pamoja, jumla ni baiti 88,200. Sasa chukua kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008, mashine ya kizazi kile kilichotumika maofisini Ulaya na Marekani, kikaletwa kwetu na kuuzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Prosesa hiyo ina viini viwili, na kila kiini hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ukiziweka namba hizo sambamba, unaona mzigo ni mwepesi mno kwa mbebaji. Lakini unawasha gemu, mlio wa bunduki unatoka vipande vipande na muziki unakwaruza kila ukifungua mlango.

Ukiipeleka kwa fundi, aghalabu utaambiwa moja kati ya mambo matatu: nunua kadi mpya ya sauti, ongeza RAM, au kubali kwamba mashine imezeeka. Yote matatu yanaweza kuwa kweli, ila yanakuja mapema mno. Sauti ikikatakata kwenye gemu la zamani, mara nyingi kompyuta haijakosa nguvu. Imechelewa tu. Nguvu hupimwa kwa gigahezi, kuchelewa hupimwa kwa milisekunde, na anayetafuta tatizo la milisekunde kwa kipimo cha gigahezi atatumia fedha bila kulipata.

Tuanze na mzigo wenyewe. Sauti yenye ubora wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, yaani baiti 2, na chaneli 2 za kushoto na kulia. Zidisha: baiti 176,400 kwa sekunde. Dakika nzima ni megabaiti 10.6. Kwa upande wa prosesa, gawanya mapigo bilioni 3 kwa 44,100, utapata mapigo 68,027. Hayo ndiyo mapigo ambayo kiini kimoja kinayo kwa ajili ya kuandaa kila sampuli moja kabla inayofuata haijadaiwa. Kazi ya kuchanganya milio minane hutumia sehemu ndogo tu ya mapigo hayo. Kwa hiyo tuiache hoja ya udhaifu wa prosesa, walau kwa mashine ya aina hii. Atom ya 1.6 GHz tutaifikia baadaye, na hesabu yake ni nyingine.

Kinachobana ni saa. Kadi ya sauti ina saa yake yenyewe na haimsubiri mtu. Kila sekunde itachukua sampuli 44,100, ziwepo zisiwepo. Gemu nayo haiwezi kukaa mlangoni mwa kadi ikiipa sampuli moja moja, kwa kuwa inapaswa pia kuchora picha, kusoma kibodi na kuendesha maadui. Ndiyo maana kuna bafa, eneo la kumbukumbu ambalo gemu hulijaza kwa mkupuo na kadi hulimaliza polepole. Bafa ni tangi la maji juu ya paa katika mtaa wenye mgao: bomba likikatika kwa muda, jikoni hawajui, mradi tangi halijakauka. Likikauka, kadi hutoa ukimya au hurudia kipande cha zamani, na huo ndio mkato unaousikia.

Ukubwa wa bafa ni idadi ya sampuli, na idadi ya sampuli ni muda. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 inadumu milisekunde 11.6. Ya 1,024 inadumu 23.2. Ya 2,048 inadumu 46.4, na ya 4,096 inadumu 92.9. Namba hizi nne zinafaa kukaa kichwani mwa kila anayerekebisha sauti, maana zinakuambia ni uzembe wa muda gani mashine inaweza kuumudu. Ukiwa na bafa ya 1,024, kitu chochote kikiizuia gemu kwa milisekunde 24, utasikia. Kikiizuia kwa 20, husikii chochote na unadhani kompyuta yako ni nzima.

Ukipunguza kasi ya sampuli hadi 22,050, bafa ileile ya 1,024 inadumu mara mbili, milisekunde 46.4. Kwa gemu ambalo milio yake ilirekodiwa kwa 11,025, hupotezi chochote cha maana katika milio hiyo, maana 22,050 ni mara mbili kamili ya chanzo. Bafa yako imekuwa tangi kubwa zaidi bila kununua kitu.

Mbona basi tusiweke bafa kubwa kabisa na kumaliza habari? Kwa sababu sauti iliyoingia kwenye bafa inangoja zamu yake. Bafa ya 4,096 ina maana kwamba ukifyatua risasi, mlio unaweza kukufikia karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Katika gemu la mikakati kama Age of Empires la 1997 hutajali hata kidogo. Katika gemu la kupigana au kupiga risasi utahisi kwamba mkono na sikio havikubaliani. Ushauri wangu ni kusimama kwenye 2,048 kwa magemu ya kasi na kwenda 4,096 kwa yale ya kufikiri. Ila kuongeza bafa ni kuficha ugonjwa. Kwanza tujue nani anakula hizo milisekunde.

Diski ndiyo mshukiwa wa kwanza

Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, ile ya kwenye laptopu nyingi za zamani, inachukua milisekunde 11.1 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbali, yaani 5.6. Ongeza muda wa kichwa cha kusomea kuhamia kwenye mstari unaotakiwa, ambao kwa diski za aina hiyo ni kama milisekunde 12. Jumla ni takriban 17.6 kwa kila ombi moja lililo mahali papya. Diski ya mizunguko 7,200 ya kwenye kompyuta za mezani ina hali bora kidogo: nusu mzunguko ni 4.2, kichwa kuhama kama 9, jumla 13 hivi.

Maombi matatu mfululizo kwenye diski ya 5,400 ni milisekunde 53. Bafa ya 2,048 ilikuwa na 46.4. Imekauka.

Chukua GTA: Vice City, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2003 na ambayo ingali inachezwa sana kwetu kwa sababu inakubali mashine yoyote. Masharti yake ya chini yalikuwa prosesa ya 800 MHz na RAM ya megabaiti 128. Gemu hili halipakii mji wote kwa mara moja. Linavuta mitaa, magari na rangi za kuta kutoka diski kadiri unavyosogea, na redio ya gari nayo inasomwa kutoka diski hiyohiyo. Muziki wa MP3 wa kilobiti 128 unahitaji baiti 16,000 tu kwa sekunde, mzigo ambao diski yoyote ya miaka 25 iliyopita iliumudu bila taabu. Tatizo haliko kwenye wingi. Ukikimbiza gari, kichwa cha diski kinarukaruka kati ya faili ya redio na faili za mji, na kila mruko ni milisekunde 17. Ikiwa faili hizo zimetawanyika vipande vipande kwa sababu diski imejaa na haijawahi kupangwa upya, miruko inaongezeka. Ndiyo maana redio inaweza kukatika ukiwa mwendo kasi na kutulia ukisimama.

Jaribio lake ni la bure. Itazame taa ndogo ya diski mbele ya mashine huku ukisikiliza. Mkato ukija kila taa inapowaka mfululizo, umempata mhusika. Anza na kupanga upya diski kwa programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, acha nafasi tupu ya kutosha, na izuie programu ya kuzuia virusi isikague folda ya gemu kila faili inapofunguliwa.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wengi wa leo hawalikagui tena, nalo ndilo lililoharibu sauti za kompyuta nyingi za Windows XP. Diski ya IDE inaweza kupeleka data kwa njia mbili. Katika DMA, kidhibiti cha diski hupeleka data moja kwa moja kwenye RAM na prosesa inaendelea na shughuli zake. Katika PIO, prosesa yenyewe inabeba data, baiti mbili mbili. Kusoma megabaiti moja kwa PIO ni kubeba mara 500,000. Kwa PIO ya kasi ya juu, hali ya 4, kila ubebaji ni nanosekunde 120, kwa hiyo megabaiti moja inaifunga prosesa kwa milisekunde 60. Kwa hali ya 0 kila ubebaji ni nanosekunde 600, na megabaiti ileile inachukua milisekunde 300. Linganisha na 23.2 ya bafa yetu. Muda huo wote gemu haipati nafasi ya kuijaza bafa, hata kama prosesa ina kasi kiasi gani.

Hakuna mtu anayechagua PIO kwa hiari. Windows XP huishusha diski yenyewe: ikihesabu makosa sita ya mawasiliano, hata yakiwa yametokea kwa siku tofauti, inashusha hali ya diski ngazi kwa ngazi hadi kuiacha kwenye PIO. Makosa sita ni machache mno. Waya uliolegea unayaleta, diski iliyochelewa kuamka inayaleta, na kwa upande wa kisoma CD, sahani yenye mikwaruzo inayaleta kwa mchana mmoja. Kuzima na kuwasha hakurudishi kasi ya awali. Mwenye mashine anaona tu kwamba tangu kipindi fulani kila kitu kimekuwa kizito na sauti inakwaruza, halafu anaambiwa ni uzee.

Kuangalia kunachukua dakika moja. Fungua Device Manager, nenda kwenye vidhibiti vya IDE, bofya Primary IDE Channel kisha Advanced Settings, usome hali ya sasa. Kukiandikwa PIO mbele ya diski, ondoa chaneli hiyo kutoka kwenye orodha na uwashe kompyuta upya. Windows itaigundua diski upya na kuirudisha kwenye DMA. Fanya vivyo hivyo kwa Secondary, ambako kisoma CD hukaa. Hata diski ya SATA inaweza kuonekana hapo ikiwa BIOS imeiweka katika hali ya IDE. Ikirudi PIO baada ya siku chache, badilisha waya. Na kama diski ni ya IDE, hakikisha waya wake ni ule wa nyuzi 80 nyembamba, maana ule wa nyuzi 40 unaifunga diski kwenye megabaiti 33 kwa sekunde hata kama ina uwezo wa 100. Gharama yote hiyo ni waya mmoja, na mara nyingi fundi ana boksi zima la waya kama huo ambao hakuna anayeuhitaji.

Mshukiwa wa pili hana taa

Diski ikiwa nzima na mkato ukaendelea, angalia draiva. Katika Windows, kifaa kinapotaka huduma hukatiza kila kitu, gemu ikiwemo. Draiva inapaswa kufanya kazi yake haraka na kuondoka, na mwongozo wa Microsoft kwa waandishi wa draiva unataka kila kazi ambayo draiva huiahirisha baada ya kukatiza isizidi mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Draiva ikitii, gemu halijui hata kama imepita. Ikikaa milisekunde 5 au 10, na nyingine ikafuata nyuma yake, bafa inaanza kukauka bila prosesa kuonekana imechoka. Ndiyo maana Task Manager inaweza kukuonyesha asilimia 15 tu ya matumizi huku sauti ikikatakata. Asilimia ni wastani wa sekunde nzima, na wastani wa sekunde haukuonyeshi pengo la milisekunde 30.

Kadi za Wi-Fi huwa za kwanza kushukiwa, hasa zile zinazotafuta mitandao kila baada ya muda. Zinazofuata ni draiva za betri katika laptopu, na draiva za kadi ya picha zilizowekwa kwa toleo lisilolingana. Jaribio la kwanza ni kuzima Wi-Fi kabisa kwenye Device Manager na kucheza dakika kumi. Ukitaka kipimo halisi, programu ya LatencyMon, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani, hukuonyesha jina la draiva iliyokaa muda mrefu na ni kwa mikrosekunde ngapi. Ukipata namba hiyo, mabishano yanaisha: unajua draiva ipi ibadilishwe.

Joto hujitambulisha kwa wakati. Gemu likianza vizuri na kuharibika baada ya robo saa, mashine ikipumua hewa moto na feni ikivuma, prosesa inajilinda. Pentium 4 na Core 2 zote zina kinga inayopunguza kasi au kuruka mapigo joto likizidi. Mapigo yanayorukwa yanaliacha gemu bila huduma kwa vipindi. Safisha vumbi la feni na uweke pesti mpya ya kupozea kati ya prosesa na chuma chake. Kwa kompyuta iliyokaa miaka mingi katika vumbi la Dodoma au Garissa, hili lingepaswa kuwa la kwanza kufanywa, lakini wengi hulifikia la mwisho kwa kuwa linadai bisibisi.

Umeme nao una lake. Windows 7 ikiwa kwenye mpango wa Balanced huruhusu prosesa kushuka kasi ikidhani hakuna kazi. Gemu la zamani ni jepesi, hivyo mashine inalala katikati ya mchezo, inaamka, inalala tena. Chagua High performance unapocheza. Tuseme mashine itakula wati 20 za ziada: kwa saa tatu kila siku, mwezi mzima ni yuniti 1.8. Bei ya yuniti yako unaijua, piga hesabu mwenyewe uone kama gemu linastahili.

Nina la kusema kwa wenye prosesa zenye viini viwili za enzi za Athlon 64 X2 ya 2005. Baadhi ya magemu yaliyoandikwa kabla yake yalipima muda kwa kuhesabu mapigo ya prosesa, nayo yalidhani kuna kiini kimoja. Viini viwili vikitofautiana hesabu, gemu linaona muda umeruka mbele au kurudi nyuma, na sauti inarukaruka pamoja nao. Fungua Task Manager gemu likiwa linaendelea, bofya kitufe cha kulia kwenye jina lake, chagua Set Affinity na uliachie kiini kimoja.

Gemu la DOS ndani ya Windows

Magemu ya DOS yana hesabu yake, kwa sababu hayachezwi moja kwa moja. Yanachezwa ndani ya DOSBox, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo inaiga kompyuta nzima ya miaka ya 90: prosesa, kadi ya picha, na kadi ya sauti ya Sound Blaster. Sound Blaster ya kwanza ilitoka 1989 kutoka Creative, kampuni ya Singapore. Wakati ule kadi ilichota data kwa DMA kutoka kumbukumbu, na DOS iliendesha programu moja kwa wakati. Gemu lilikuwa na mashine yote peke yake, na waandishi wake waliandika wakijua hivyo. Leo gemu hilohilo linagombea nafasi na makumi ya michakato.

DOSBox hupima kasi kwa kitu kinachoitwa cycles, na hapa ndipo watu wengi hujiumiza wenyewe. Namba hiyo ni idadi ya amri ambazo DOSBox itajaribu kuiga kila milisekunde. Cycles 3,000 ni amri milioni 3 kwa sekunde. Prosesa ya 386 ya 33 MHz ni kama 6,000, na 486 ya 66 MHz ni kama 25,000. Sauti ikikatika, mchezaji hupandisha namba akidhani anaongeza nguvu. Kumbe anaongeza deni. Kwenye laptopu ndogo yenye Atom N270 ya 1.6 GHz, cycles 25,000 zinaacha mapigo 64 ya prosesa halisi kwa kila amri moja ya kuigwa. Ukiweka 60,000, yanabaki kama 27. Ndani ya mapigo hayo 27 DOSBox inapaswa kusoma amri, kuitafsiri, kuitekeleza, kuchora picha na kutengeneza sauti. Haitoshi, na kinachoathirika mapema ni sauti, kwa sababu picha ikichelewa jicho husamehe, sikio halisamehi.

Kwa hiyo shusha. Bonyeza Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza, huku ukisoma namba juu ya dirisha. Shuka hadi mkwaruzo uishe, kisha uone kama gemu bado linakwenda. Wolfenstein 3D ya 1992 haihitaji zaidi ya kile 386 ilichokuwa nacho. Doom inataka kasi ya 486, na huna sababu ya kuipa zaidi.

Muziki una gharama ambayo haionekani. Kadi za AdLib, kuanzia 1987, na Sound Blaster baadaye zilitumia chipu za Yamaha zinazounda sauti kwa hesabu. Chipu iliyokuja baadaye, OPL3, ina vizalishi vya mawimbi 36, na chipu halisi ilitoa sampuli 49,716 kwa sekunde. DOSBox kwa kawaida huziiga kwa 44,100, ambayo ni hesabu ndogondogo 1,587,600 kila sekunde kwa ajili ya muziki peke yake. Fungua faili la mipangilio, tafuta oplrate, uweke 22050: hesabu zinashuka hadi 793,800. Kwenye sehemu ya mixer weka rate ileile ya 22050, blocksize ya 2048 na prebuffer ya 60. Bafa yako sasa inadumu milisekunde 92.9, na kazi ya kuijaza imepungua nusu. Kwenye Core 2 Duo hutahitaji haya yote, kwenye Atom utayahitaji. Weka pia core iwe dynamic, ili amri zinazorudiwa zitafsiriwe mara moja na kutumika tena.

Kuna kundi la magemu ambalo halitapona kwa hesabu hizi: yale ya kati ya 1999 na 2006 yaliyotumia DirectSound na athari za sauti za EAX. Yalitegemea kadi yenyewe ifanye uchanganyaji. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, iliondoa njia hiyo, na kila Windows iliyofuata imebaki hivyo. Wenye kadi za Creative wana programu ya ALchemy inayotafsiri. Wasio nayo wazime EAX ndani ya gemu. Kwenye XP, fungua dxdiag, nenda kwenye ukurasa wa Sound, ushushe kitelezi cha kuharakisha kwa ngazi moja kutoka ile ya juu. Ngazi ni nne, na kwa draiva mbovu za sauti za mazabodi, ngazi moja chini mara nyingi hutosha.

Fedha ziende wapi

Nikilazimika kushauri ununuzi, nitashauri SSD ndogo ya SATA, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. Watu hutazama megabaiti kwa sekunde na kukata tamaa, kwamba mazabodi ya zamani yenye SATA ya kizazi cha kwanza au cha pili itaibana kwenye 150 au 300. Hiyo si hoja kwetu. Ombi moja kwenye SSD linachukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde badala ya 17.6. Yale maombi matatu yaliyokausha bafa kwa milisekunde 53 sasa ni 0.3. Na siku mashine ikifa, SSD unaihamishia kwenye nyingine.

RAM inafuata, kwa sharti moja. Fungua Task Manager gemu likiwa linaendelea. Kama kumbukumbu haijajaa, kuongeza hakutabadilisha sauti hata kidogo. Ikiwa imejaa, Windows inahamishia kurasa za kilobaiti 4 kwenye diski, na kurasa 100 zilizotawanyika, kwa milisekunde 17.6 kila moja, ni sekunde 1.76. Hapo hutasikia mkato, utasikia ukimya. Moduli za DDR2 zilizotumika zinapatikana, na kwa mashine ya gigabaiti moja inayoendesha Windows 7 nisingesita.

Kadi ya sauti ya USB iko mwisho kabisa, na sababu ni ya kihesabu. USB hupeleka sauti kwa vifurushi, kimoja kila milisekunde. Kwa sampuli 48,000 za stereo kila kifurushi kina baiti 192. Lakini anayejaza vifurushi hivyo ni kompyuta ileile iliyochelewa, kupitia draiva zilezile. Kadi hiyo inatibu ugonjwa mwingine: tundu la hedifoni lililolegea, mvumo wa umeme, au kuingiliwa na mazabodi ambayo kapasita zake zimevimba. Kuyatofautisha ni rahisi. Mvumo na mchakacho wa umeme husikika hata gemu likiwa kimya, tena hubadilika ukigusa waya. Mkato wa kuchelewa husikika pale tu mashine inapofanya kazi. Kabla ya yote cheza wimbo mmoja wa MP3 kwa dakika tano bila kufungua kitu kingine. Ukitoka safi, kadi yako ni nzima na fedha zako zibaki mfukoni.

Kwa mafundi nina ombi. Mteja akileta mashine yenye sauti inayokatakata, andikeni kwenye risiti mlichokipima kabla ya mlichokiuza: diski iko DMA au PIO, draiva iliyokaa muda mrefu ni ipi na ilikaa mikrosekunde ngapi, joto la prosesa baada ya dakika 15 ni nyuzi ngapi. Ni mistari mitatu tu. Na wewe mwenye mashine, usilipie kifaa kipya mpaka uione mistari hiyo.